Huyu Anakuja, Huyu Anakwenda

Umeme umekatika Limbani tangu magharibi.
Kompyuta yangu imebakiwa na asilimia thelathini na moja,
mie nimebakiwa na nyota mia mbili na sita.
Mama yuko barazani, hana haja ya taa;
mtoto wa jicho alimzimia zake mwaka juzi.
Anapita mtu kwa baiskeli, anasalimia gizani.
"Hamadi huyo," anasema. "Anakwenda, haji."

Najua anavyojua. Ndiyo kazi yangu.

Kule kwenye buruji ya Kausi, katikati ya galaksi,
vumbi limetanda hata darubini kubwa
hutoka na ukungu kama miwani ya mpishi.
Jicho halifai. Basi tunatega sikio.
Huko kuna nyota zilizozeeka, nyekundu, zimefura,
zinapumua ngozi yao wenyewe,
na ndani ya pumzi hiyo, mchanga ukiwa bado mvuke,
chembe moja ikitamka
nyingine zote huitikia kwa sauti ile ile,
kama chuo cha Maalim Shaame asubuhi: alifu, alifu, alifu,
mitikisiko bilioni arobaini na tatu kwa sekunde
na hapana anayekosea.

Wimbi hilo linaitwa maza.
Nilipomwambia mwanangu Zuwena, alicheka hata akakaa chini:
"Kumbe mbinguni nako maza ndiye anayepiga kelele!"

Kazi yenyewe ni ya karani.
Mstari ukipanda juu ya mahali pake, nyota inakuja.
Ukishuka, inakwenda.
Naandika. Namba themanini na nane: inakuja,
kilomita mia na kumi na mbili kila sekunde.
Themanini na tisa: inakwenda, sitini.
Tisini: kimya. Labda imevuta pumzi. Nitairudia.

Upande mmoja wa tumbo la galaksi nyingi zinakwenda,
upande wa pili nyingi zinakuja,
na mie niliyekaa juu ya mkeka wa Wete
naliona bonge zima likijigeuza
kama mgonjwa anayetafuta ubavu usiouma.

"Zasemaje?" anauliza Mama.
Neno moja tu, namwambia.
"Kama baba'ko."

Baba alituletea kanda kutoka Maskati, mwaka wa themanini na saba.
Salamu, vipimo vya vitambaa, salamu tena, kikohozi.
Tuliisikiliza kwenye redio ya betri nne,
na betri zilipoanza kukata roho
sauti yake ikawa nzito, ikaburura, ikazama.
Mama akainuka: "Anakwenda huyo. Keshakwenda."
Nililia. Nilikuwa na miaka saba.
Kaka akakimbia dukani, akaja na betri mpya,
na Baba akarudi kuwa kijana,
akauliza upya shingo ya gauni ina inchi ngapi.
Mwenyewe hakurudi.

Zilikuwa betri, Mama. Haukuwa mwendo.
Miaka yote hii nalimeza neno hili.
Na hata leo, na hesabu zangu zote,
chombo hunipa nusu ya habari:
kuja na kwenda, basi.
Anayekata njia mbele yako, kushoto kwenda kulia,
sauti yake haimshitaki.
Huenda Baba alikuwa akikata njia tu,
na sisi tukamwandika kwenye safu ya waliokwenda.

Asilimia kumi na moja.
Nafungua data ya mwezi uliofuata, ile namba tisini.
Kuna kitu. Kijiti chembamba juu ya mchafuko,
sauti iliyotoka kwao miaka elfu ishirini na sita nyuma,
kabla ya Wete, kabla ya kumwita mtu yeyote baba.
Napima mara mbili. Mara tatu.

"Umenyamaza," anasema Mama. "Nani huyo?"

Sijui jina lake. Lakini anakuja.

"Basi mwandike," anasema, akivuta kanga mabegani,
"kabla hicho chako nacho hakijazima."